Mama Orijino na Kipanga Yenye Mashimo Manne

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeshona viti maisha yake yote. Viti vya magari, viti vya ofisi, viti vya saluni, na zaidi ya vyote, siti za pikipiki. Alikuwa fundi wa siti. Wateja wake walimwita Mama Siti. Lakini lipo kundi dogo la watu waliomwita jina jingine, na jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye shada la maua lililowekwa juu ya kaburi lake. Mama Orijino.

Mama Orijino amefariki dunia mwezi huu, hospitalini, kwa ugonjwa wa moyo. Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, na pikipiki moja. Pikipiki nimeitaja pamoja na familia kwa makusudi. Mtaona sababu yake.

Kabla ya kuja hapa studio nilikwenda nyumbani kwake. Nilizungumza na mumewe, dereva wa lori mstaafu. Maneno yake hutoka polepole, kwa kuwa aliwahi kupatwa na kiharusi. Nilizungumza na binti yao, ambaye ni mkunga. Halafu nikazungumza na wanaume wawili wa lile kundi. Mmoja ni mwalimu wa jiografia mstaafu, wanamwita Jaji. Mwingine ni fundi wa kuchomea vyuma, wanamwita Cheche. Mimi mwenyewe pikipiki sizijui. Nikiambiwa hii ni klachi, naitikia tu. Kwa hiyo nawasimulia kama nilivyosimuliwa.

Kundi lenyewe linakutana kila Jumamosi asubuhi kwenye baraza ya duka la nati na beringi. Wanakuja na pikipiki kuukuu, za miundo adimu, zile ambazo ukiiona moja barabarani unageuza shingo. Wanaziegesha kwa mstari. Kisha wanakaa. Kisha wanaongea. Nilimuuliza Cheche wanaongea nini hasa, akanitazama kama nimemuuliza samaki anafanya nini majini.

"Vifaa," akasema. "Ilitoka kiwandani na nini, haikutoka na nini."

Hilo ndilo jambo kubwa pale barazani. Orijino. Pikipiki yenye taa iliyotoka nayo kiwandani, tangi lake lenyewe, honi yake, hata nati zake. Ukutani pameandikwa kwa rangi ya mafuta: Mwacha asili ni mtumwa. Na hawatanii. Nilikaa nao nusu saa, nikasikia watu wazima, wenye wajukuu, wakigombana juu ya kioo.

"Kipanga ya kwanza haikuja na kioo!"

"Ilikuja nacho. Kimoja. Upande wa kulia."

"Hicho alikifunga muuzaji."

"Muuzaji gani? Ulikuwepo?"

"Na wewe ulikuwepo?"

Hakuna aliyekuwepo. Ubishi ukaendelea.

Kipanga, wasikilizaji, ni jina ambalo wapenzi hawa wameupa muundo mmoja wa pikipiki ya zamani sana. Wameuita hivyo kwa sababu ya usukani wake, ulionyanyuka pande zote mbili kama mbawa. Zilitengenezwa chache. Zilizobaki ni chache zaidi. Na Mama Orijino alikuwa na Kipanga.

Aliingia kundini kwa njia ya kazi. Jaji alimpelekea siti iliyochanika. Mama akaibandua ngozi, akakuta ndani mshono wa kiwandani, uzi mnene, umepita mara mbili pembeni. Akaushona vilevile. Jaji alipokuja kuichukua, akaigeuza, akaigeuza tena, akauliza, "Siti yangu iko wapi?" Mama akamjibu, "Umeishika, mwalimu." Jumamosi iliyofuata akaalikwa barazani aje kuona pikipiki nyingine. Alikwenda kwa adabu tu, ili asimkatalie mteja. Akarudi nyumbani, kwa maneno ya mumewe, "amepagawa."

Hakupita muda mrefu akaenda kwa mteja mwingine kupima makochi. Uani kwa huyo mteja kulikuwa na vyuma vimefunikwa kwa bati. Kuku walikuwa wametaga pale siti ilipotakiwa kuwa. Akaliinua bati, akaona usukani. Usukani wenye mbawa.

Alishona makochi ya nyumba ile yote, na malipo yake yakawa yale machuma.

Mumewe aliniambia hivi, na hapa mdomo wake ulicheka upande mmoja. "Nilirudi safari. Nikafungua mlango. Sebuleni kuna fremu. Nikamwambia, mke wangu, nilioa fundi siti. Mbona sasa naishi mochwari?"

Kazi ya kuifufua ilichukua miaka. Injini ilipona mapema. Vifaa ndivyo vilivyomsumbua. Taa yenye ukingo wa shaba aliipata kwa mtu aliyekuwa ameitundika jikoni kama urembo. Kifuniko cha tangi, chenye mnyororo mdogo, alikiokota kwenye ndoo ya chuma chakavu. Lakini kulikuwa na pampu. Kipanga ilitoka kiwandani na pampu nyembamba ya upepo, imebanwa chini ya tangi, ili tairi likiisha upepo njiani usihangaike. Pampu hizo zote zilikwishapotea. Jaji alikuwa anasema hakuna tena duniani.

Mama aliiona kwa fundi wa baiskeli, mtaa wa pili kutoka kwake. Ilikuwa inajaza upepo baiskeli za watoto wa shule. Alikuwa akiipita kila siku.

Fundi wa baiskeli hakutaka kuitoa. "Hii haichoki, mama. Za siku hizi zinachoka." Mama akamnunulia pampu ya kusimama, akamshonea kiti cha kukalia chenye sponji nzito. Yule bwana akakikalia, akasema, "Chukua."

Msidhani kwamba mama huyu alikuwa anajua kila kitu. Aliwahi kubishana na kundi zima juu ya honi. Akasema honi ya Kipanga ni ya mpira, ya kubonyeza kwa mkono. Akaapa. Cheche akaja na honi ya umeme, ina chapa ya kiwanda na namba ileile ya kwenye fremu. Mama akaiangalia. Akavua miwani, akaifuta, akaiangalia tena. Siku hiyo aliosha pikipiki zote zilizokuwepo pale barazani, kama walivyokuwa wamewekeana dau, huku akiimba. Kushindwa hakukumuuma. Kilichomuuma ni kitu kisicho chake kufungwa mahali pasipo pake.

Kipanga ilikamilika. Kila mwaka kundi hilo hufanya maonyesho, na pikipiki hupangwa kwa makundi mawili. Kuna kundi la orijino, ambapo hata nati moja ngeni inakutoa. Kuna kundi la zilizobadilishwa. La pili mama alikuwa analiita "kina mchanganyiko." Hakulipenda. Alikuwa anapita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Kipanga yake ilishinda kundi la orijino mwaka hadi mwaka, na aliyekuwa anakagua, kwa tochi na kioo cha kukuzia, ni Jaji.

Na nyuma ya mama, kila Jumamosi, alikaa mumewe. Mke anaendesha, mume amebebwa. Watu wa mtaani walicheka sana. Yeye alikuwa na jibu moja tu.

"Nimeendesha lori miaka yangu yote. Na mimi siruhusiwi kuwa abiria?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo mambo yalipobadilika. Yule mume akapatwa na kiharusi. Asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Alipona, lakini upande wake wa kulia haukurudi. Mkono ulikuwa mzito, na mguu mzito zaidi. Alijifunza kutembea na mkongojo kutoka chumbani mpaka sebuleni. Kukaa nyuma ya pikipiki ilikuwa haiwezekani. Angeanguka kwenye kona ya kwanza.

Mama akaenda barazani peke yake. Aliporudi, mumewe alikuwa ameketi dirishani.

"Mmeongea nini?" akauliza.

Mama akamsimulia. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Binti yao anasema baba yake alikuwa anauliza swali lile lile, na kila mara alikuwa anauliza kwa sauti ndogo zaidi. Siku moja hakuuliza.

Siku hiyo hiyo mama alisukuma Kipanga mpaka kwa Cheche. Hakuiwasha. Aliisukuma. Akamwambia anataka kigari cha ubavuni. Labda mmewahi kukiona, wasikilizaji. Ni kigari kidogo chenye gurudumu moja na kiti kimoja, kinafungwa kando ya pikipiki. Abiria anakaa kama amekaa kwenye kochi. Kipanga haikutengenezwa kubeba kigari. Fremu yake haina mahali pa kukifunga. Ili kifungwe, lazima fremu itobolewe.

Cheche alizima mashine yake. Anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri.

"Mama, fremu hii sitoboi."

"Kwa nini?"

"Zimebaki ngapi nchini? Nitoboe, nije niitwe nani? Mwacha asili ni mtumwa, mama. Wewe mwenyewe ndiye unayetuimbia kila wiki."

"Na mwacha mume?"

Cheche akamwambia arudi kesho, akidhani usiku utamshauri. Kesho yake mama alikuja na drili. Alikuwa ameiazima. "Usipotoboa wewe, natoboa mimi, na mimi nitapindisha." Cheche akamnyang'anya ile drili.

Mashimo yalikuwa manne. Mama alisimama pale mpaka la mwisho. Chengachenga za chuma zilianguka sakafuni, na Cheche anasema mama alizifagia yeye mwenyewe, akazitia kwenye pipa. Hakulia. Aliomba tu msasa na rangi ya kuzuia kutu. Kisha akakaa wiki nzima akishona kiti cha kile kigari, kwa mshono uleule wa kiwandani, uliopita mara mbili pembeni.

Jumamosi akaenda nayo barazani. Kigari kitupu ubavuni.

Hakuna aliyesimama kumpokea. Jaji aliizunguka pikipiki mara moja. Akainama, akaona mashimo. Akasema maneno ambayo hata leo anapoyarudia anatazama chini.

"Kuanzia leo hii si Kipanga. Ni mkokoteni wenye injini."

Mama akapiga stati akaondoka.

Na nyumbani, wasikilizaji, kulikuwa na jingine. Mume alikataa. Alitoka mpaka mlangoni na mkongojo wake, akakitazama kile kigari, akasema, "Mimi si gunia la viazi." Akageuka, akarudi ndani.

Fikirini hali ya mama huyo. Kipanga imeharibika. Baraza imemtema. Na yule aliyefanyiwa yote hayo hataki. Mama aliifunika pikipiki kwa turubai, akarudi kwenye cherehani yake. Binti alikwenda kumtazama, akamkuta anashona siti ya teksi.

"Mama, unajuta?"

"Sijui. Nipe mkasi."

Binti anasema hayo ndiyo majibu pekee aliyowahi kuyapata.

Turubai lile lilikaa msimu mzima wa mvua. Kisha ikaja asubuhi moja ambayo mume alitakiwa kliniki, kwa mazoezi ya mkono. Gari la jirani lililokuwa linampeleka likagoma kuwaka. Jirani akafungua boneti, akafunga boneti, akaomba radhi. Mzee alikuwa amekwishavaa. Hatimaye akasema, bila kumtazama mkewe:

"Ule mkokoteni wako unawaka?"

"Hatujauliza."

"Uulize."

Ukawaka. Mama akamfunga mkanda. Wakatoka. Mpaka kona ya kwanza mzee alikuwa ameshika ukingo kwa mkono wake mzima. Kwenye kona ya pili, udereva ukampanda kichwani. "Punguza!" Mama akapunguza. "Gia ya pili, ya pili! Mpishe huyo, hajui anakokwenda!" Mbele ya hospitali alikuwa anawatolea ishara wenye magari kwa mkono wa kushoto, na wenye magari walikuwa wanatii. Muuguzi aliyempokea alimwambia binti kwamba siku ile mzee alifanya mazoezi akisimulia habari za barabarani.

Nilimwomba mzee ruhusa niseme walichofanya yeye na mkewe baada ya hapo, naye akaniruhusu. Hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Walizunguka mpaka mafuta yakakaribia kuisha.

Jumamosi wakaenda barazani, wote wawili.

Mama akazima injini. Mzee, kutoka kule chini ndani ya kigari, akasalimia, polepole, mmoja mmoja, kwa majina yao ya utani. Kisha akasema, "Nimesikia mnabishana kioo cha Kipanga. Mimi nilisomea udereva nikibebwa nyuma ya Kipanga ya mkaguzi wa barabara. Kilikuwepo. Kulia."

Watu wakapiga kelele. Viti vikasogezwa. Ubishi ukaanza upya, na safari hii mzee alikuwa katikati yake.

Jaji hakusogeza kiti. Mama ndiye aliyemfuata. Cheche alikuwa karibu, alisikia.

"Mwalimu, uko sahihi," mama akasema. "Hii si orijino tena. Mwaka huu niandike kule kwa kina mchanganyiko."

Jaji akasema, "Nilikusema vibaya."

"Ulisema vibaya. Lakini mashimo yapo. Usiyafumbie macho kwa ajili yangu, la sivyo nitakuona mjinga."

Mwaka huo Kipanga ilisimama kwenye kundi la zilizobadilishwa, na haikushinda. Ilikuwa ya tatu, nyuma ya pikipiki iliyofungwa redio. Mama alipiga makofi kama wengine. Jina la Mama Orijino lilimbakia, na anayekuja mgeni alikuwa anauliza mbona mama mwenye jina hilo anaendesha kitu kama kile. Hakuna aliyemweleza haraka.

Waliendesha hivyo kwa miaka. Kliniki, sokoni, barazani, kwa wajukuu. Kisha moyo wa mama ukaanza kuchoka. Alikuwa anapumzika katikati ya kushona, sindano mkononi. Mara ya mwisho alipolazwa, Jaji alikwenda kumwona. Waliongea juu ya kile kioo, kama kilitoka kiwandani au alikifunga muuzaji. Hawakuafikiana. Asubuhi iliyofuata mama akafariki.

Sasa nafika kwenye jambo la mwisho. Baada ya mazishi, Jaji na Cheche walikwenda kwa mzee. Kundi lilikuwa limewatuma. Walikuwa na wazo kwamba, kwa heshima ya marehemu, Kipanga irudishwe kama ilivyokuwa. Kigari kitolewe, mashimo yazibwe, rangi ipigwe, irudi kundi la orijino kwa jina lake. Jaji ndiye aliyekuwa msemaji.

"Shemeji," akasema, "tukitaka, inawezekana."

Mzee akasema neno ambalo hawakulitegemea.

"Zibeni."

"Una hakika, shemeji?"

"Nani ataniendesha? Nikae ndani ya kigari, nitazame siti tupu? Zibeni. Iwe nzuri, kama alivyokuwa anaitaka."

Cheche akaleta mashine yake, akakifungua kigari. Akavaa miwani yake myeusi. Akapiga magoti. Ndipo Jaji, mtu wa tochi na kioo cha kukuzia, akamshika bega.

"Acha kwanza," akasema.

"Mwalimu, si wewe uliyesema?"

"Nimesema. Sasa nasema acha."

Nilimuuliza Jaji kwa nini. Alinijibu kwamba hajui vizuri. Alipoyaona yale mashimo kwa karibu aliona yametobolewa sawasawa, kingo zimelainishwa kwa msasa, kila moja limepakwa rangi kwa brashi ndogo, ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mkaguzi angeangalia. "Hiyo ni kazi ya mkono wa mama," aliniambia. "Mimi ni nani nizibe?"

Mashimo hayakuzibwa, na kigari kikafungwa tena. Lakini mzee naye hakutaka kupanda. Jumamosi ya kwanza Jaji alikuja, akawasha Kipanga uani, akaiacha ingurume kidogo, akazima, akaaga. Jumamosi ya pili vilevile. Mzee hakutoka.

Jumamosi hii iliyopita Jaji alikuja tena. Akawasha. Binti alikuwa jikoni. Anasema injini iliwaka mara ya kwanza tu. Kisha akasikia mkongojo sakafuni. Kisha akasikia sauti ya baba yake, ile ya polepole, kutoka chumbani, ikiwa na hasira kidogo.

"Mwambie apunguze hewa, injini inakohoa. Na viatu vyangu mmeviweka wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote walioko hapa studio, natoa pole kwa mume wa marehemu, kwa binti yake, kwa wajukuu wake, na kwa watu wote wa ile baraza ya nati na beringi. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, pengine una kitu chako unachokitunza kisiguswe, kisikwaruzwe, kisipotee. Kitunze. Si kosa. Ila leo, kabla hujalala, jiulize ni nani ameketi nyumbani kwako, ambaye ameacha kuuliza mlikuwa mnaongea nini.

Pumzika kwa amani, Mama Orijino.